Loda ndogo ikipungukiwa nguvu: geji itangulie spana

Opareta akisema "loda haina nguvu", bado hajakuambia kitu. Maneno hayohayo hutumika loda inaposhindwa kunyanyua kokoto, inaponyanyua lakini kwa kujikokota, inaponyanyua vizuri kisha mikono ikashuka yenyewe, na hata baketi peke yake inapogoma huku mikono ikifanya kazi kama kawaida. Hayo ni matatizo manne na vyanzo vyake havifanani. Fundi anayekimbilia kufungua pampu kwa sababu ya sentensi hiyo moja anapiga ramli kwa pesa ya mwenye mtambo, maana pampu ni miongoni mwa spea ghali kabisa katika haidroliki ya loda ndogo, yaani mfumo wa mafuta ya presha unaosukuma mikono na baketi, na mara nyingi haina kosa.

Loda ninazozizungumzia ni zile fupi zinazogeuka kwa kuburuza matairi, ambazo wengi huziita Bobcat hata zikiwa za kampuni nyingine, pamoja na trekta zilizofungwa kijiko cha mbele. Nyingi zina pampu ya gia, tangi, valvu ya kuendeshea yenye spuli mbili au tatu (vyuma vya ndani vinavyoteleza kufungua na kuziba njia za mafuta), silinda mbili za mikono na moja au mbili za baketi. Mfumo wa kuendeshea magurudumu nauacha pembeni. Una pampu zake na presha zake.

Anza na opareta. Muulize kama kazi zote zimepungua au ni moja. Mikono, baketi na kifaa cha ziada vinakula kutoka pampu moja na relifu kuu moja, yaani ile valvu ya kuachia presha ikizidi. Baketi ikikunja kwa nguvu zake zote huku mikono ikishindwa, pampu imeshajitetea yenyewe. Tafuta kosa upande wa mikono tu. Halafu muulize saa. Loda inayobeba vizuri asubuhi na kulegea saa saba mchana, mafuta yakishachemka, inavuja ndani: gia za pampu zimelika, spuli imepwaya au sili za pistoni, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasipenye, zimekwisha. Mafuta mepesi hupenya pale ambapo mafuta mazito yalizuiwa. Ile inayopiga kelele asubuhi na kutulia ikishapata joto ina kinyume chake, kwani pampu inavuta kwa shida: stena ya tangi, yaani chujio lake la wavu, imeziba, hosi ya kuvutia imejikunja au mafuta ni mazito kuliko yanayotakiwa. Na muulize kama hali ilikuja ghafla au polepole. Uchakavu hauji ghafla. Kinachokuja ghafla ni meno ya kapleni inayounganisha pampu na injini kukatika, uchafu kukwama kwenye relifu, hosi kupasuka au waya kuachia.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, mikono ya loda iwe chini au iwe imeegemezwa kwenye kizuizi chake cha chuma, si kwenye jeki wala gogo. Zima injini, sogeza liva zote mara kadhaa ili presha iliyobaki iishe, kisha legeza kifuniko cha tangi. Usitafute tundu la hosi kwa kupapasa na kiganja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la ukubwa wa sindano kwa presha ya baa 180 hupenya ngozi, na jeraha huonekana kama umechomwa na mwiba tu. Baada ya saa chache kidole huvimba na nyama za ndani huanza kufa. Mtu aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali wakati huohuo na daktari aambiwe wazi kuwa ni mafuta yaliyoingia kwa presha, kwa sababu matibabu yake ni upasuaji wa haraka, si dawa ya kupaka. Kutafuta uvujaji, pitisha kipande cha boksi karibu na hosi, kikilowa, umepata.

Sasa mambo yasiyo na gharama. Kiwango cha mafuta hupimwa mikono ikiwa chini na baketi imelala chini. Ukiongeza mafuta mikono ikiwa juu, silinda zimejaa na tangi linaonekana pungufu. Mikono ikishuka, mafuta yanarudi na kumwagika kwenye kipumulio, yaani tundu la tangi la kupitishia hewa. Chota mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe. Yakiwa kama maziwa, yana maji. Yakiwa na povu linalokawia kutulia, yana hewa. Yakiwa meusi na harufu ya kuungua, yamechemka kwa muda mrefu, na hata ukirekebisha kosa hayatafaa tena. Ukiwa na shaka ya maji, dondosha tone kwenye bati la moto: mafuta makavu yatatoa moshi tu, yenye maji yatapasuka kwa mlio kama kitunguu kwenye kikaango.

Tazama pia liva au kitufe cha kifaa cha ziada. Hili limewasumbua mafundi wengi wazuri. Kikibaki kimefungwa kwenye "kazi" wakati hakuna nyundo wala fagio lililounganishwa, mafuta yote ya pampu hayana pa kwenda isipokuwa kupitia relifu. Injini inaelemewa hata ikiwa sailensa, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyagwa, mikono inalegea, na baada ya muda mfupi tangi halishikiki. Kwenye trekta, angalia zile kapleni za kuchomeka: isipoingia hadi mwisho, kimpira cha ndani hakifunguki sawasawa na mkono unapanda lakini haushuki, au kinyume chake. Zichomoe, zifute, zirudishe hadi zilie "ta!".

Kwa loda za matairi ya kuburuza, mikono na baketi zikigoma kabisa huku injini inanguruma vizuri, usifungue hata bolti moja kabla ya kuangalia umeme. Mitambo hiyo ina swichi ya kiti na ya fito la usalama la mbele ya opareta. Swichi moja ikikatika, koili ya solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayofungulia spuli, haipati umeme na spuli hufungwa. Angalia fyuzi, kisha soketi za chini ya kiti ambako vumbi na maji hukusanyika. Mwenzako akae kitini, ateremshe fito na awashe swichi. Wewe gusisha ncha ya bisibisi kwenye kichwa cha koili. Ikivutwa kama sumaku, umeme unafika na koili ni nzima. Isipovutwa, pima kama volti 12 zinafika kwenye soketi. Zikifika, koili imekufa. Zisipofika, fuata waya.

Ukishapita hapo, funga geji ya presha. Geji ya baa 400 yenye glisirini, kipande cha hosi ya presha na tii moja vinatosha, na mafundi wa hosi wa Gerezani kule Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi wanavitengeneza ukiwapa mfano wa nati. Usitumie geji ya baa 250 kwenye mfumo wa baa 200. Itapigwa na mishtuko mpaka idanganye. Iunganishe kwenye njia ya presha kati ya pampu na valvu, au kwenye tundu la kupimia kama mtambo unalo. Presha inayotakiwa iko kwenye kitabu au kibati cha mtambo. Kwa loda ndogo nyingi ni kati ya baa 160 na 230. Geji ikiwa ya psi, gawa kwa 14.5 upate baa.

Pasha mafuta kwanza kwa kuendesha loda mpaka yafike nyuzi 50 hivi. Kisha nyanyua mikono hadi mwisho na uishikilie hapo sekunde mbili tatu, si zaidi, huku ukisoma. Tuseme kitabu kinataka baa 180. Sindano ikisimama kwenye 120 iwe injini iko sailensa au iko kwenye resi kamili, relifu ndiyo inayofunguka mapema. Sindano ikiwa 70 kwenye sailensa na kupanda hadi 150 ukikanyaga, kuna uvujaji wa ndani na pampu inajitahidi kuufukuza. Pampu iliyolika husoma hivyo. Sindano inayotetemeka bila kutulia huonyesha hewa. Rudia jaribio hilohilo kwa baketi. Mikono ikisoma 130 na baketi 180, pampu na relifu kuu ni nzima. Kosa liko kwenye silinda za mikono au kwenye relifu ndogo ya tawi hilo.

Zile baa zinazopotea si namba tu. Silinda yenye pistoni ya milimita 63 ina eneo la sentimita za mraba 31. Kwa baa 180 inasukuma karibu tani 5.7, kwa baa 120 inasukuma tani 3.8. Mikono ina silinda mbili, kwa hiyo umepoteza theluthi ya nguvu bila kitu chochote kuvuja nje.

Kama geji inasoma sawa lakini loda inajikokota, tatizo ni ujazo, yaani wingi wa mafuta yanayopita kwa dakika, si presha, na hapo saa ya simu inakutosha. Pampu ya sentimita za ujazo 28 kwa mzunguko, injini ikizunguka mara 2,200 kwa dakika, hutoa lita 61 na kidogo kwa dakika. Toa uvujaji wa kawaida, zibaki kama lita 57. Silinda mbili za milimita 63 zenye mwendo wa sentimita 60 zinakunywa lita 3.7. Basi mikono mitupu ipande kutoka chini hadi juu kwa sekunde nne. Ikitumia sekunde sita, ujazo umeshuka hadi lita 37 au 38. Chukua vipimo vya mtambo wako, fanya hesabu yako, andika jibu kwa rangi ndani ya kifuniko cha injini. Kipimo kilichochukuliwa mtambo ukiwa mzima kina thamani kuliko kitabu, na wenye mitambo wengi hawanacho.

Relifu ndiyo ninayopenda kuifungua kwanza presha ikiwa chini, kwa sababu ni kazi ya dakika chache. Pima kwa venia urefu wa skrubu uliojitokeza, uandike, ndipo ulegeze. Ndani utakuta kichwa kidogo chenye ncha, springi na oringi, yaani kimpira cha duara cha kuziba. Chenga moja ya chuma iliyobanwa kwenye kikalio, pale kichwa kinapokaa kuziba, inatosha kuiacha wazi daima. Tazama kikalio kwa tochi: duara liwe limekamilika, bila mkwaruzo unaokatiza. Oringi ya nje ikiwa imekatwa, mafuta yanapita pembeni ya valvu na presha haipandi hata ukikaza skrubu mpaka mwisho. Osha kwa dizeli safi, puliza, rudisha kwenye kipimo ulichoandika.

Kukaza skrubu ya relifu bila geji "ili ipate nguvu" ni tabia ya hatari. Nyumba ya pampu ya gia hupasuka, mikono hupinda kwenye pini, na loda ikinyanyua zaidi ya uzito wake hubinuka na opareta ndani. Ukilazimika kurekebisha, robo mzunguko kwa wakati mmoja, geji mbele ya macho, na usipite kiwango cha kiwandani. Kosa baya zaidi ni kuziba mdomo wa pampu kwa plagi ili kuona kama ina nguvu. Pampu ya gia haina pa kupumulia kabla ya relifu. Kitu kitapasuka ndani ya muda mfupi kuliko unavyoweza kuzima injini.

Kelele nazo zina lugha yake. Mlio mwembamba unaoendelea bila kukatika ni pampu inayonyimwa mafuta. Mlio wa kukwaruza, kana kwamba kuna changarawe ndani, pamoja na povu tangini, ni hewa inayoingia. Kwa ule wa kwanza, fungua kifuniko cha tangi injini ikiwa inazunguka. Mlio ukitulia na ukasikia "fuu" ya hewa kuingia, kipumulio kimeziba. Kwenye machimbo ya kokoto kama ya Lugoba vumbi hukiziba haraka. Usipotulia, toa mafuta uone stena ndani ya tangi, kisha kata hosi ya zamani ya kuvutia uitazame ndani. Hosi hiyo inatakiwa iwe na waya wa kuizuia isijibane. Wengi hubadilisha kwa hosi ya maji kwa kuwa haina presha, nayo ikipata joto hulainika na kujinyonya mpaka ikawa bapa. Kwa ule wa pili, paka grisi kwenye kila kiungo cha upande wa kuvutia, kimoja baada ya kingine. Mlio ukibadilika ghafla, kiungo hicho ndicho. Upande huu hauvuji mafuta nje, unavuta hewa ndani, ndiyo maana macho hayaoni.

Usisahau sili ya shafti ya pampu. Kwenye injini ambazo pampu inazungushwa na gia za taimingi, sili hiyo ikikatika mafuta ya haidroliki huhamia kwenye injini. Tangi linapungua kila siku, chini ni pakavu, na dipstiki ya injini inapanda. Opareta akikuambia injini "inazalisha oili", fuata pampu.

Nije kwenye mikono inayoshuka yenyewe, maana hapa pesa nyingi inapotea. Desturi ni kununua sili za silinda, kufungua, kubadilisha, kisha mkono unashuka vilevile. Sababu ni hii. Rodi ya silinda ya mkono ikirudi ndani, inachukua nafasi. Kama spuli imeziba njia zote mbili kikamilifu, hata sili ya pistoni iwe imekwisha kabisa, mafuta yaliyofungiwa ndani hayana pa kutoka, na rodi haiwezi kuingia kwa sababu haina nafasi ya kuchukua. Mafuta yatahama kutoka upande mmoja wa pistoni kwenda mwingine, presha itapanda, na mkono utasimama baada ya kushuka kidogo. Mkono unaoendelea kushuka hadi chini unamaanisha mafuta yanatoka silindani: kupitia spuli iliyopwaya, relifu ya tawi isiyokaa, hosi au sili ya rodi inayovuja nje. Sili mbovu ya pistoni huongeza kasi kwa sababu inapandisha presha, lakini peke yake haimalizi safari.

Baketi ni habari tofauti. Uzito wake mara nyingi unavuta rodi nje, si kuisukuma ndani. Hapo sili ya pistoni inatosha kuleta matatizo: mafuta yanapita kutoka upande wa rodi, nyuma ya pistoni kunabaki utupu, na baketi inajimwaga pole pole huku mkono umetulia.

Kupima, weka mzigo, nyanyua baketi sentimita 30 tu kutoka chini, zima injini, chora mstari wa chaki kwenye rodi karibu na shingo ya silinda, subiri dakika 5, kisha pima mstari umesogea kiasi gani na ulinganishe na kitabu. Jua kwamba loda zenye solenoidi ya kufunga mikono injini inapozimwa zitakuficha uvujaji wa spuli. Hizo zipime injini ikiwa inazunguka na liva ikiwa katikati, opareta amekaa kitini.

Kutenganisha silinda na valvu bila vifaa, badilishana hosi. Kwenye valvu, hamishia hosi mbili za mikono kwenye tundu za baketi, na za baketi kwenye tundu za mikono. Liva zitakuwa zimebadilishana kazi, kwa hiyo opareta aambiwe na watu wasogee mbali. Mkono ukiendelea kushuka, kosa liko kwenye silinda au hosi zake. Mkono ukitulia na sasa baketi ndiyo inayojimwaga, kosa liko kwenye valvu. Njia nyingine ni kunyosha silinda hadi mwisho wake, kuweka kizuizi cha mikono, kuondoa presha, kufungua hosi ya upande wa rodi na kuifunga kwa plagi, kisha kusukuma liva ya kunyanyua taratibu na kutazama tundu lililo wazi. Matone machache si kitu. Mkondo unaoendelea ni sili. Silinda za mikono zikiwa mbili, pima kila moja, kwa sababu moja nzima inaweza kubebeshwa lawama ya mwenzake.

Mkono ukidondoka kidogo kabla ya kupanda kila unapovuta liva, kisha ukaenda vizuri, hiyo si silinda wala pampu. Ni valvu ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi iliyo ndani ya bloku ya valvu ya kuendeshea, ama imeshika uchafu au springi imekatika.

Silinda ikishafunguliwa, tazama rodi kabla ya kununua sili. Pitisha ukucha kwenye kroma. Mkwaruzo unaoshika ukucha utakata sili mpya ndani ya wiki chache. Kibonyeo kidogo chenye kingo zilizoinuka husawazishwa kwa jiwe la mafuta au msasa wa maji namba 400 na kuendelea, ukizunguka rodi na si kwa urefu wake, grainda isikaribie. Kroma ikiwa imebanduka na kutu imeingia chini, rodi ipakwe kroma upya au ibadilishwe. Ndani ya silinda piga tochi, utafute mistari ya urefu. Sili ya rodi yenye midomo, midomo inaelekea ndani kwenye presha. Ile ya kufuta vumbi inaelekea nje. Oringi yenye pete ngumu ya kuiegemeza, pete inakaa upande usio na presha. Oringi zisichanganywe na zile za mabomba ya maji, kwani mpira wa kawaida huvimba kwenye mafuta haya. Lainisha sili kwa mafuta ya haidroliki yenyewe, funika nyuzi za rodi kwa selotepu wakati wa kupitisha shingo, na nati ya pistoni ikazwe kwa tochi renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu. Nati iliyolegea huachia siku loda ikiwa na mzigo, na pistoni inabaki ndani peke yake.

Hosi nitazipitia haraka. Hosi ya nusu inchi yenye waya tabaka moja hubeba baa 160. Ya tabaka mbili hubeba baa 275. Kwa mfumo wa baa 180, ile ya kwanza haifai hata ikiwa nusu bei. Soma maandishi ubavuni kabla haijabanwa. Acha ulegevu kidogo, kwa sababu hosi ikipata presha hubadilika urefu. Nyuzi za nati nazo: koni ya pembe ya nyuzi 37 na ya pembe ya nyuzi 60 hukaribiana kwa macho, huingiliana nyuzi mbili tatu, kisha huvuja daima. Kwenye viungo vya koni usifunge tepu nyeupe. Koni ndiyo inayoziba, na vipande vya tepu huishia kwenye spuli. Kuna pia hosi inayofanya ujanja: nje nzima, lakini ngozi ya ndani imebanduka na kulala kama ulimi. Mafuta yakienda upande mmoja ulimi unalala, yakirudi unasimama na kuziba. Mkono unapanda vizuri na kushuka kwa tabu, geji inasoma presha kamili, na kila spea inaonekana nzima. Ukiona hivyo, fungua hosi hiyo ncha zote mbili, utazame mwanga upande wa pili.

Joto nalo linahesabika. Baa 180 mara lita 57 kwa dakika, gawa kwa 600, ni kilowati 17. Hizo zote hugeuka kuwa joto pale mafuta yanapopitia relifu bila kufanya kazi, ndiyo maana opareta anayeshikilia liva mikono ikiwa imefika mwisho anachemsha tangi kwa hiari yake. Mafuta yakipita nyuzi 82 sili huanza kukakamaa. Osha kipozea mafuta kwa kupuliza kutoka upande wa feni kwenda nje, si kinyume chake.

Mafuta yafuate kitabu: loda nyingi hutaka ISO VG 46, na maeneo ya joto la Pwani watengenezaji wengine huruhusu 68. Baadhi ya loda hutaka oili ya injini, na trekta nyingi hutumia mafuta yanayochangia giaboksi, breki na haidroliki. Mafuta ya breki yasiingie kamwe. Pipa lililosimamishwa wima nje hukusanya maji ya mvua juu. Mchana hewa ya ndani hutanuka, usiku hujikunja na kunyonya maji kupitia kizibo, hata kama kimekazwa. Lilaze, vizibo viwe usawa wa saa tatu na saa tisa. Na mafuta mapya si safi kwa kuwa ni mapya. Yapitishe kwenye chujio wakati wa kujaza.

Kama vipimo vyote vimekuelekeza kwenye pampu na umeibadilisha, kazi haijaisha. Pampu iliyosagika imesambaza chenga kwenye silinda, valvu na kipozea mafuta. Mwaga tangi, lifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, osha stena, safisha kipozea mafuta, toa mafuta ndani ya silinda zote. Jaza nyumba ya pampu mpya na hosi ya kuvutia kwa mafuta kabla ya kuwasha. Gia zikizunguka kavu zinakwaruzana mara moja. Washa sailensa, acha dakika chache, nyanyua na kushusha bila mzigo mpaka mwendo usirukeruke, zima, angalia kiwango, ongeza. Filta mpya itolewe baada ya saa 50 za kazi bila kungoja ratiba ya kawaida, na ile iliyotoka ichanwe uone imekamata nini. Chenga za rangi ya shaba ni bushi za pampu, nyeupe laini ni nyumba yake ya aluminiamu, zinazovutwa na sumaku ni gia au rodi, vipande vyeusi ni sili na hosi. Ichane kwa kikata mabati au kifungua makopo, usitumie msumeno, kwa maana chenga za msumeno utazihesabu kuwa za pampu.